Umeitwa intavyu? Maswali ambayo watu wa Kisumu, Nakuru na pande za Magharibi huniuliza kila wiki

Kabla tuanze mjue mimi ni nani. Miaka minne nilikuwa na saiba (duka la intaneti na kuchapa) karibu na Kondele, Kisumu, hapa Kenya. Kazi ilikuwa kuchapa sivi, kuskani vyeti na kutumia watu maombi ya kazi. Baadaye nikapata kazi ya ofisi kwa sacco moja Nakuru, na huko wakaanza kuniita kwa paneli, yaani wale wanaohoji, kama mwandishi, ile ya kukaa kona, huulizi swali lolote lakini unaandika kila kitu. Siku ya kwanza mtu wa tatu akaingia akasema yeye ni mchapakazi, anaweza kufanya kazi chini ya presha na hahitaji kusimamiwa sana. Nilishtuka, juu hiyo sentensi niliiandika mimi. Nilikuwa nimeibandika kwa sivi za watu sijui wangapi pale saiba, Kingereza kile kile, koma kwa koma. Siku hiyo tulihoji watu kumi na moja, sita wakaisema, na hakuna hata mmoja kwa ile paneli aliyeinua kalamu.

Kwa hivyo chukueni haya majibu kama deni nalipa.

Nimepigiwa simu sahii, intavyu ni wiki ijayo. Naanzia wapi?

Anzia kwa hiyo hiyo simu, usiikate. Uliza jina la kazi (kama umetuma maombi ishirini huwezi jua ni gani), mahali penyewe na floo, saa, nani utauliza ukifika, na kama kuna mtihani wa kuandika ama wa kompyuta. Watu huona aibu kuuliza wakidhani wataonekana washamba, lakini anayepiga simu huwa na hiyo orodha mbele yake na hana shida kukuambia. Kama uko kwa matatu na kelele ni mingi, mwambie kwa heshima akupe dakika kumi umpigie, hakuna mtu amewahi kufutwa kwa hilo.

Halafu tafuta lile tangazo la kazi. Najua wengi hamliweki. Ukiona tangazo unalotaka kutumia maombi, piga skrinshoti, juu likishafungwa linatolewa kwa tovuti na unabaki huna chochote cha kusoma. Maswali yote yanatoka hapo. Kila mstari wa majukumu ni swali linakungoja, kama wameandika "kufuatilia wakopaji waliochelewa" basi jua utaulizwa ushawahi kudai mtu pesa na ulifanyaje.

Kwani mle ndani huwa wanaandika nini?

Hili ndilo swali ningependa watu waniulize zaidi lakini hawaulizi.

Kila mtu kwa paneli ana karatasi ya maksi. Juu kuna jina lako na saa uliyoingia, chini kuna vitu vitano ama sita, mfano ujuzi wa kazi, uzoefu, mawasiliano, jinsi unavyofikiria ukipata shida, na pengine adabu na mavazi. Kando ya kila kitu kuna nafasi ya maksi, labda 1 hadi 5 ama hadi 10, halafu kuna laini nyembamba ya maoni. Hiyo laini ndogo ndio vita yote iko. Mtu akikupa 4 kati ya 5 lazima aandike sababu, na sababu anaitoa kwa mdomo wako. Ukisema "mimi najituma sana" ataandika nini hapo? Hakuna. Ukisema "nilikuwa nafungua duka saa kumi na mbili na nusu na nilihudumia watu kama themanini kwa siku", mkono wake unaenda wenyewe, anaandika "80 kwa siku".

Na mkishatoka nyote, karatasi zinakusanywa, maksi zinajumlishwa, mimi mwandishi nazipanga kutoka juu kushuka. Jioni hakuna mtu anakumbuka sura, baada ya watu kumi sura zote zinafanana, kinachokumbukwa ni kile kilichoandikwa. Kwa hivyo kazi yako kwa kile kiti ni kumpa yule mtu kitu cha kuandika. Mengine yote humu chini yanarudi tu hapo.

Wanaposema "tueleze kidogo kuhusu wewe", wanataka nini?

Sio historia ya ukoo. Nimeona mtu anaanza na "nilizaliwa Vihiga, sisi ni watoto saba, mimi ni wa nne" na dakika mbili zinaisha kabla hatujafika darasa la nane. Anza na kile unafanya sasa, rudi nyuma kidogo, kisha maliza na kwa nini uko mbele yao. Hivi kwa mfano:

"Mimi ni karani wa stoo, nimefanya miaka miwili kwa duka la hadwea hapa Nakuru, naangalia bidhaa kama mia nne hivi. Nilisomea diploma ya ununuzi na ugavi. Nimeomba hii kazi juu nataka kufanya kwa stoo kubwa inayotumia mfumo wa kompyuta, sisi bado tunatumia daftari na nimejifundisha Excel mwenyewe usiku."

Sekunde arobaini, umemaliza. Ona vile kuna vitu vitatu vya kuandikwa hapo ndani. Jifanyie yako, uiseme kwa sauti ukiosha vyombo, si kuikariri neno kwa neno, juu ukikariri na mtu akukatize kati utapotea kabisa.

Sina ekspiriensi yoyote, nimetoka chuo tu. Nitasema nini?

Huyu mtu huwa ananiudhi kidogo, kwa upendo lakini. Hana ekspiriensi, ukimuuliza kidogo unapata alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanafunzi, akafanya atachi (mazoezi ya kazi ya chuo) miezi mitatu, likizo alikuwa anasaidia shangazi yake kuuza omena Dunga na ndiye alikuwa anaweka hesabu. Hiyo yote ni kazi. Kama ulishika pesa ya watu na ikatosha mwishoni, hiyo ni ekspiriensi ambayo wengine wenye digrii mbili hawana.

Cha muhimu uwe na namba zako. Atachi ilikuwa wapi, ulipewa nini ufanye, mara ngapi, ilitoka vipi. Watu wa atachi wengi wakiulizwa walifanya nini wanasema "nilikuwa nasaidia hapa na pale". Pale wapi?

Maswali ya "tupe mfano wa siku ambayo..." najibu vipi?

Kwa stori fupi yenye mambo manne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, na ikaishia wapi. Watu wanamaliza pumzi kwa hiyo ya kwanza, wanaeleza hali hadi unajua rangi ya ukuta, halafu kile walichofanya wenyewe kinapata sentensi moja, tena ya "tuliamua". Nani, nyinyi? Paneli inaajiri mtu mmoja.

Nikuonyeshe. Alikuja dada mmoja, kazi yake yote maishani ilikuwa duka la M-Pesa. Akaulizwa atoe mfano wa siku alipokosea kazini. Kwa hili swali wengi husema hawajawahi kukosea, na hapo wanapata sifuri na wanaonekana waongo bure. Yeye akavuta pumzi akasema hivi: ilikuwa siku ya soko, laini ndefu, jioni akihesabu keshi na floti (pesa ya duka iliyo kwa simu) akapata imepungua 1,500. Akampigia mwenye duka usiku huo huo kabla hajaulizwa. Wakapitia meseji moja moja, wakapata kuna mteja alileta 1,500 na yeye akamwekea 3,000. Akampigia mteja, mteja akarudisha 1,000 siku hiyo na 500 wiki iliyofuata. Tangu hapo akawa anamsomea mteja pesa na jina kwa sauti kabla hajabonyeza.

Haikufika dakika mbili. Mimi nilikuwa naangalia kalamu, zote tatu zilikuwa zinatembea. Mwenyekiti kwa ile laini yake aliandika: mkweli, anafuatilia, amejirekebisha. Kulikuwa na watu watatu wa digrii siku hiyo na alimaliza wa kwanza.

Andaa stori kama tano hivi za maisha yako halisi: siku ulikosea, siku mligombana na mtu kazini, siku kazi ilikuwa mingi kuliko masaa, siku ulipunguza gharama ama ukaongeza mauzo, siku mteja alikuja na hasira. Hizo tano ukizigeuza geuza zitajibu karibu maswali yote ya aina hii.

Udhaifu wangu nitaje gani?

Wa kweli, mdogo, na unaoufanyia kitu. "Huwa naogopa kuongea mbele ya watu wengi, kwa hivyo nimeanza kusoma matangazo kanisani mara moja kwa mwezi." Basi. Hiyo ya "udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi sana" tafadhali, wacheni.

Nijibu kwa Kingereza ama Kiswahili?

Ofisi nyingi hapa kwetu intavyu ni ya Kingereza, tusidanganyane. Kazi za udereva, mashamba ya maua Naivasha, kiwandani, ulinzi, mauzo ya mashinani, mara nyingi ni Kiswahili ama mchanganyiko. Sheria yangu ni moja, fuata lugha waliyokuuliza nayo. Ukikwama neno la Kingereza usijifanye, sema "naomba nieleze hii sehemu kwa Kiswahili" ueleze vizuri kisha urudi. Nimeona watu wakipata maksi nzuri ya mawasiliano hivyo, na nimeona wengine wakilazimisha Kingereza kizito hadi hata wao hawajui wamesema nini.

Lugha ya nyumbani iache nje hata kama umesikia lafudhi ya mwenyekiti ukajua ni wa kwenu. Hapo unaweka huyo mzee kwa shida na wenzake wawili hawajaelewa kitu.

Naogopa swali la mshahara. Nisubiri waseme wao?

Wakiuliza, jibu, lakini uwe umepiga hesabu nyumbani. Makosa ya kawaida ni mtu anataja pesa anayotaka mkononi wakati wao wanaongea ya kabla ya makato, halafu mwisho wa mwezi analia.

Tufanye pamoja. Umeambiwa 40,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF, mfuko wa pensheni, inachukua asilimia 6, hiyo ni 2,400. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ambayo ni 1,100. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo 600. PAYE, yaani kodi ya mapato, ukishatoa hayo makato na ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, inabaki kama 3,150. Mkononi unapata karibu 32,750. Kama uko na mkopo wa chuo wa HELB toa tena. Sasa kama nauli kutoka Kiamunyi hadi kazini, nyumba na chakula vinakula 30,000, unajua kama hiyo kazi inakufaa ama hapana, na unaweza kutaja kiwango bila kutetemeka: "Nikiangalia majukumu yaliyo kwa tangazo, naona kati ya elfu arobaini na tano na hamsini kabla ya makato, lakini niko tayari tuzungumze."

Ukiulizwa unalipwa ngapi sasa usidanganye, wakikuajiri wanaweza kukuitisha peyslipu.

Kazi ya serikali ama kaunti ni tofauti, huko mshahara una gredi na upo kwa tangazo, kubagain hakuna.

Kazi za kaunti na serikali huulizwa nini? Nasikia ni katiba tu.

Si katiba tu, lakini katiba lazima. Soma hivi vitu vinne kwa Katiba ya 2010 kabla uende. Kifungu cha 10, maadili ya kitaifa: uzalendo, umoja, ugatuzi, utawala wa sheria, uwazi, uwajibikaji na wenzake. Kifungu cha 232, maadili ya utumishi wa umma. Sura ya Sita, uongozi na uadilifu. Na Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, hili watu huruka na ndio linawaangusha. Nimeskia mtu anaomba kazi ya kaunti anasema ataboresha shule za msingi. Shule za msingi si za kaunti, walimu wao ni wa TSC, tume ya walimu. Kaunti iko na chekechea, hospitali zake, barabara za kaunti, kilimo, masoko, vyuo vya ufundi vya mashinani.

Usiishie kutaja orodha kama kasuku lakini. Wakiuliza uwajibikaji ni nini, sema ni nini kisha uweke kwa hiyo kazi: "kama msimamizi wa soko, ni kuhakikisha kila shilingi ya ushuru imetolewa risiti na jioni inalingana na iliyofika benki". Kalamu zinatembea.

Angalia tovuti ya bodi ya utumishi wa kaunti mwenyewe pia, majina ya waliochaguliwa kuhojiwa huwekwa huko na si kila mara utapigiwa simu. Watu wanakosa intavyu hivyo.

Hebu nitajie makaratasi yote nibebe.

Beba kitambulisho halisi, vyeti halisi na kopi zake, sivi nakala tatu ama nne (mmoja kwa paneli hukosa kila wakati), barua waliyokutumia kama ipo, na kalamu yako. Panga kwa faili kwa utaratibu, cheti cha juu mbele. Mtu akiambiwa "tuone cheti cha diploma" na aanze kumwaga karatasi mezani kama anatafuta risiti ya stima, tayari imeandikwa.

Cheti cha maadili mema cha DCI (polisi wa upelelezi), cha HELB, KRA (kodi), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi ya mikopo) ndio watu hukopa pesa kwenda kutafuta kabla hata hawajaitwa. Sheria ya ajira ilibadilishwa mwaka 2022, sasa mwajiri haruhusiwi kukuitisha hivyo vyeti mpaka awe ananuia kuandikiana na wewe mkataba. Kwa hivyo kama ndio unatuma maombi tu, usikimbie kulipa. Ukiambiwa umepata, hapo ndio unaenda. Cha DCI kinaombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni 1,050, halafu unapeleka alama za vidole Huduma Centre, Kisumu ipo, Nakuru ipo, Kakamega ipo. Ile fomu ya C24, ya alama za vidole, ipigwe chapa mbele na nyuma kwa karatasi moja, nimeona watu wengi sana wakililia nauli kwa hilo, wamefika huko na karatasi mbili wakaambiwa warudi saiba.

Nivae nini na sina suti?

Safi, iliyopigwa pasi, inayokutosha. Suti si lazima. Shati jeupe ama la bluu na suruali nyeusi, ama sketi ya kufika magotini na blauzi, Kibuye Jumapili asubuhi mtumba mzuri utaupata bila kuumia. Kama ni kazi ya shambani ama gereji, vaa safi lakini usiende kama bwana harusi.

Viatu ndio shida ya kwetu. Boda ya vumbi ama mvua ya Kisumu ya saa tisa, unafika kiatu kimebadilika rangi. Beba kitambaa kwa mfuko. Mimi nilikuwa naenda na ndala kwa boda na viatu kwa karatasi, nabadilisha getini, soja ananicheka, sijali.

Natoka Bungoma, intavyu ni Nakuru saa mbili asubuhi. Nitoke usiku?

Kama unaweza, lala Nakuru. Hiyo ni zaidi ya kilomita 200, na malori yakifunga barabara pale Mau Summit hakuna dereva wa kukuokoa. Tafuta jamaa, mtu wa kanisa, mtu mlisoma naye, yeyote wa Free Area ama Section 58 akupe kochi usiku mmoja. Ukikosa kabisa, waandikie mapema uombe kuwekwa saa tano ama mchana, wengi hukubali kwa mtu wa mbali, lakini uombe siku mbili kabla, si ukiwa Timboroa.

Na ukichelewa, piga simu kabla saa yako haijafika. Ukifika usianze kuhadithia pancha. Omba msamaha mara moja, kaa, anza kazi.

Intavyu ni ya video. Naifanyia wapi?

Popote penye netiweki na pasipo jogoo. Saiba nyingi zina kelele lakini ukiongea na mwenyewe vizuri atakupa kona na asubuhi watu ni wachache. Chaji simu ijae, weka bando siku iliyotangulia, uwe na laini ya pili, na uwape namba yako mapema ili stima ikipotea wakupigie. Simu iegemeze kwa vitabu ifike usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako, likiwa nyuma wanaona kivuli tu. Waambie watu wa nyumbani. Tulihoji kijana mmoja na mama yake akaingia kumuuliza kama ametoa ng'ombe, alijibu "bado mama, niko kwa intavyu" akaendelea bila kupoteza neno. Tulicheka wote na alipata maksi yake vizuri tu.

Wakiniuliza kama nimeolewa, kama niko na mimba, ama kabila langu?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa mimba ama kabila, pamoja na dini, ulemavu na hali ya HIV (ya ndoa iko kwa Katiba, kifungu cha 27), na inahesabu hata yule anayeomba kazi. Hayo ni ya sheria. Kwa kile kiti ukiwa na njaa ya kazi ni ngumu kidogo, najua. Mimi huambia watu wajibu lile swali lililo chini yake: "Kama mnauliza kuhusu muda wangu, naweza kufika saa mbili kila siku na niko tayari kwa safari." Umejibu, hujafungua nyumba yako. Wakisukuma zaidi, andika maswali na tarehe ukitoka nje, na ujiulize kama hao ndio watu unataka wakuwe mabosi wako.

Wamesema nitume 2,500 ya medikali ndio niitwe intavyu.

Usitume. Ya medikali, ya trening, ya yunifomu, ya faili, usitume. Kama ni kazi ya nje ya nchi, tafuta kwanza kama hilo ajensi limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Kuna haja gani na kazi ishapewa mwenyewe?

Inatokea, sitakudanganya. Nimewahi kukaa kwa paneli moja nikaona maksi zimejazwa kwa penseli kabla mtu hajaingia, na sikurudi hapo tena. Lakini mara nyingi zaidi nimeona mpwa wa mkubwa akiingia bila kusoma hata tangazo, anapata maksi za aibu na karatasi zinamkataa. Mtu akiwa na 82 na mpwa ana 41, yule anayetaka kumsukuma mpwa lazima aeleze kwa maandishi, na wengi wanaogopa hayo maandishi. Sasa kama wewe ulikuja na "najituma sana" ukapata 45, umemrahisishia kazi.

Akili ikifunga nifanye nini?

Sema "naomba dakika nifikirie". Kunywa maji kama yapo. Intavyu yangu ya kwanza kabisa nilikuwa nimejiandikia kwa sivi kwamba napenda kusoma riwaya, juu ilijaza nafasi vizuri. Mzee mmoja mpole akaniuliza riwaya ya mwisho nimesoma ni gani. Nilinyamaza hadi feni ya dari ndio ikawa inaongea peke yake. Ningesema tu "sijasoma moja karibuni" ningeokoka, badala yake nikabuni jina la kitabu, na mzee akauliza mwandishi.

Kwa hivyo pia, pitia sivi yako na utoe kila kitu huwezi kukiongelea dakika mbili. Hata kama mwenye saiba amesema inapendeza.

Wakiniuliza kama nina swali?

Kuwa nalo. "Mtu atakayefanya hii kazi vizuri, miezi mitatu ya kwanza mngetaka awe amefanya nini?" ni zuri. Lingine ni jibu litatoka lini. Likizo na marupurupu waulize wakishakupa barua.

Imepita wiki tatu kimya. Nipige simu?

Kama walitaja tarehe, ngoja ipite siku mbili tatu halafu tuma imeli fupi: jina, kazi, siku uliyohojiwa, unauliza wamefikia wapi. Mara moja. Kupiga kila asubuhi kunachosha yule dada wa mapokezi na hana majibu.

Na kama ni taasisi ya umma na umekosa, unaweza kuomba kwa maandishi kujua ulipata maksi ngapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wachache sana hufanya hivyo. Kijana mmoja wa Kakamega niliyemwandikia hiyo barua alijibiwa kwamba alikuwa na 71 na aliyechukuliwa alikuwa na 74, na kwa uzoefu yeye alipewa 3 kati ya 10 juu hakutaja kabisa miaka miwili aliyofanya kwa duka la dawa. Nilimuuliza kwa nini hakuitaja. Akasema hawakuuliza.